Antena na Orodha ya Wapiga Kelele

Mimi nimewahi kuandikwa ubaoni kwa kosa la kupumua.

Sitii chumvi. Wapo mashahidi hamsini, na wote walikuwa wanapumua siku hiyo, ila mimi ndiye niliyepumua vibaya. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha, herufi zote zikilalia upande mmoja: jina langu, kistari, halafu "anapumua kwa dharau." Nikafagia darasa zima kwa sababu hiyo.

Na aliyeniandika si mtu baki. Ni ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumeogeshwa beseni moja. Nyumbani ana jina lake zuri tu alilopewa na wazee. Shuleni tulimwita Antena.

Antena alikuwa kiranja wa darasa letu. Kazi yenyewe inajulikana: mwalimu akitoka, kiranja anachukua chaki, anasimama mbele, na kila anayepiga kelele anaandikwa ubaoni. Ukirudia unawekewa alama ya X. Mwalimu akirudi, wenye majina yao wanafagia, wanachota maji, wanapiga deki. Viranja wengi huifanya kazi hiyo kwa uvivu wa kibinadamu. Wanaandika maadui wawili watatu, wanawaficha marafiki, na maisha yanaendelea.

Antena hakuwa na rafiki wala adui. Aliandika wote.

Alichaguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya mwandiko wake, na nadhani mwalimu hakutazama kitu kingine. Alikuwa na shingo ndefu, na juu ya shingo masikio mawili yaliyosimama wima kana kwamba yamesikia jambo na yanasubiri mwendelezo. Siku ya kwanza tu alitutangazia kwamba yeye hahitaji kututazama. "Mkono wangu uko ubaoni," akasema, "lakini masikio yangu yako kwenu." Halafu akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika.

Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: hakukosea mara nyingi. Alijua sauti zetu zote. Alijua nani anakwaruza dawati na nani anasukuma kifutio kwa mguu. Bonge, ninayekaa naye dawati moja, akitaka kucheka huanza na mluzi mwembamba wa puani, na kabla mluzi haujafika katikati chaki ya Antena ilikuwa imeshaandika herufi tatu za jina lake.

Tungevumilia kama angeishia kwenye majina na X. Lakini Antena alipanuka. Kwanza alileta "amezidi," ambalo ni neno la kawaida kwa viranja. Kisha akaanza kutoa maelezo. "Anacheka ndani kwa ndani." "Anamtazama jirani kwa nia ya kuongea." "Amekohoa lakini hana kifua." Kuna msichana mmoja mpole, hata jibu la swali analitoa kwa kunong'ona, aliandikwa hivi: "Yuko kimya ila ninamjua."

Huyo msichana alilia. Alipolia akawekewa X.

Msidhani nyumbani tulipumzika. Mama mkubwa ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni karibu na mlango, kwa hiyo sebule ile ina vipande vya vitambaa hadi chini ya viti na watu wanaingia na kutoka kutwa nzima kupimwa. Jumapili moja tulikwenda kula chakula cha mchana kwao. Nikamwona Antena ana daftari kando ya sahani, anaandika kidogo, anakula kidogo. Nikachungulia. Alikuwa ameandika "Bibi – anatafuna kwa sauti."

Bibi akataka asomewe. Akasomewa. Sote tukatulia tukingoja dhoruba, maana bibi yetu hana mchezo. Bibi akauliza yeye ni namba ngapi kwenye hiyo orodha. Antena akajibu kwamba ni wa tatu. Bibi akasema katika nyumba hii hakuna mtu anayemtangulia yeye, arekebishe, aanze na yeye. Antena akafuta, akaanza na yeye, na bibi akaendelea kutafuna kwa raha zake.

Mama yangu aliyashuhudia yote hayo na njiani kurudi nyumbani akanipa wimbo wake wa kila siku. Mwone mwenzako. Mwenzako ana bidii. Mwenzako ana mwandiko. Nilikuwa nimeandikwa mara mbili kwenye orodha ile, moja kwa kijiko na moja kwa kuinua nyusi, lakini hilo halikuhesabika kama udhuru.

Basi, Jumatatu moja tukiwa mstarini asubuhi, Mwalimu Mkuu akatoa tangazo. Mwalimu Mkuu wetu ni mama mfupi, mpole wa sauti, mwenye miguu inayovimba, na kwa sababu hiyo huvaa viatu vya raba mwaka mzima. Akasema shule inahitaji kiranja mkuu. Atachaguliwa miongoni mwa viranja wa madarasa, Ijumaa. Hakutakuwa na kura wala hotuba. "Nitapita mwenyewe," akasema, "nione kila darasa linakaaje mwalimu akiwa hayupo." Kisha akatutaka twende darasani.

Maneno yalikuwa hayo tu, mepesi. Watoto mia nne waliyasikia. Mtu mwenye masikio makubwa kuliko wote ndiye aliyeyaelewa kivyake.

Antena alirudi darasani anang'aa. Aliamini Mwalimu Mkuu anapita kukagua orodha, na mwenye orodha ndefu ndiye mshindi. Akapiga hesabu yake mbele yetu bila aibu. Kiranja wa darasa la jirani, bwana mmoja mzito anayependa usingizi, hajawahi kuandika zaidi ya majina manane. Yeye Antena, kwa siku ya kawaida, anafika ishirini na tano. Siku ya Ijumaa alitaka arobaini. Akatuangalia dawati kwa dawati, jinsi mtu anavyoangalia kuku sokoni, na nadhani kichwani mwake tulikuwa tumeshaandikwa.

Nyumbani kwao habari ilikuwa imeshaiva. Mama mkubwa alikuwa ametangaza kwa kila mteja aliyekuja kupimwa kwamba mwanawe ni kiranja mkuu, bado kutangazwa tu. Alikuwa hata ameshona kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani ya sweta la Antena, upande wa kushoto kifuani, ili beji ikibandikwa pini isivute uzi. Nilikiona kitambaa hicho kwa macho yangu. Kilishonwa vizuri mno, na niliposhika nikajisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Lakini huruma ina mipaka. Kiranja mkuu katika shule yetu anasimamia bomba la maji, foleni ya chakula, uwanja wa mpira na njia ya kwenda chooni. Fikirieni Antena na chaki yake kwenye njia ya kwenda chooni.

Aliyetufikiria zaidi alikuwa Shangazi. Huyu si shangazi wa mtu yeyote. Ni msichana wa rika letu, anakaa dawati la katikati, lakini anashughulikia mambo ya watu wote kama shangazi aliyekuja kuishi kwenu bila kusema anaondoka lini. Anajua nani amegombana na nani na anajua walivyopaswa kugombana. Anaongea akipiga mswaki, anaongea akipiga miayo. Katika historia ya darasa letu hakuna orodha iliyowahi kukamilika bila jina lake.

Shangazi akatuita nyuma ya bomba wakati wa mapumziko, akasema dawa ya Antena ni moja. Tumnyime. Ijumaa mwalimu akitoka tu, tunyamaze. Hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa, hakuna kukwaruza wala kudondosha penseli. Mwalimu Mkuu akipita akute ubao mtupu, tuone huyo kiranja hodari ataonyesha nini.

Sote tukasema mpango ni mzuri. Watu hamsini na mmoja tuliusifu mpango ule, na katika watu hamsini na mmoja hakuna hata mmoja aliyeona ubovu wake. Nimo na mimi.

Wasiwasi wetu ulikuwa kwa Bonge. Bonge ni mtu mwema lakini kicheko kwake ni ugonjwa. Amewahi kucheka kwa sababu mwalimu aliandika namba tisa yenye tumbo. Tukamfanyia mazoezi siku tatu. Tulimfundisha afikirie mambo mazito: sindano, mtihani, kaburi. Kaburi likamchekesha, sijui kwa nini. Mwishoni tukakubaliana atakunja mkono wa sweta lake na kuutia mdomoni, na mimi nimshike goti.

Na Shangazi mwenyewe, je? Akatuambia tusimtie wasiwasi, yeye ana nia. Akatueleza jinsi alivyo na nia mpaka kengele ikagonga.

Ijumaa ikafika, na bahati ikawa upande wa kila mtu. Mwalimu wa hisabati aliamka na jino. Alikuja darasani shavu limejaa, akaandika maswali kumi ubaoni upande wa kulia, akamwonyesha Antena kwa kidole upande wa kushoto, akaenda kung'olewa. Vipindi viwili vizima, mfululizo, bila mwalimu.

Antena akasimama. Sweta lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Akaandika WAPIGA KELELE, akapiga mstari kwa rula, kisha akashuka na namba, moja, mbili, tatu, hadi arobaini, akilazimika kugawa safu mbili kwa sababu ubao haukutosha. Alipomaliza akajipangusa vidole, akatugeuzia mgongo, akaweka chaki kwenye namba moja.

Tukanyamaza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Darasa letu lilikuwa na sauti ambazo hatukuzijua. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Mpishi wa shule, kule mbali, alikuwa anakwangua sufuria. Kulikuwa na nzi mmoja dirishani na tulimsikia alipotua.

Antena akasubiri. Dakika ya kwanza bega lake lilikuwa limelegea kama mtu mwenye uhakika. Dakika ya tatu shingo ikaanza kurefuka. Dakika ya tano akaingiza kidole kidogo sikioni, akachokonoa, akakitazama, akakiingiza sikio la pili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwaka mzima. Aligeuka kututazama.

Alikuta watoto hamsini na mmoja wameinamia madaftari wanafanya hesabu. Wengine walikuwa wanazipata, nadhani kwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa amefumba midomo kwa nguvu hadi mashavu yamebadilika rangi.

Na hapo ndipo nilipomwona.

Dawati letu liko dirishani, upande wa baraza. Niliinua macho nikamkuta Mwalimu Mkuu amesimama nje, hatua mbili kutoka nilipo, na sikuwa nimemsikia akija. Viatu vya raba. Alitazama vichwa vyetu vilivyoinama. Akamtazama Antena aliyesimama kimya mbele ya darasa. Akatabasamu, tabasamu pana ambalo sijawahi kuona akilitoa kwa mwanafunzi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka, akaondoka haraka kuelekea ofisini.

Nilielewa kila kitu kwa mkupuo mmoja, na nilikuwa peke yangu darasani niliyeelewa. Hakuja kutafuta orodha! Alikuja kutafuta darasa lililotulia, na sisi wenyewe, kwa akili zetu, kwa mpango wa Shangazi na mazoezi ya siku tatu, tulikuwa tumempa Antena darasa lililotulia kuliko yote duniani. Amekwenda kuchukua beji. Tulikuwa tunamtawaza.

Nikataka kumwambia Shangazi. Ningemwambiaje? Nilimkodolea macho, akanikodolea yake, akaweka kidole mdomoni kwa ukali. Nikamkanyaga Bonge. Bonge akadhani ni sehemu ya msaada, akanishukuru kwa kichwa.

Kule mbele Antena alikuwa ameanza kuharibikiwa. Aliandika kwenye namba moja "Darasa zima – wananyamaza kwa makusudi," akatafakari, akafuta. Akapita kati ya madawati akiinamia watu mdomoni. Akaangusha rula yake kwa makusudi, akasubiri mtu ashtuke. Akajaribu kumtisha yule msichana mpole kwa macho. Msichana akageuza ukurasa taratibu na kuendelea na swali la saba.

Akafika kwangu. Akainama hadi sikio lake likawa usoni pangu, akaninong'oneza, na hakuwa kiranja tena, alikuwa mtoto wa mama mkubwa.

"Ndugu yangu, kohoa tu. Mara moja. Mama ameshawaambia watu wote."

Niseme nilivyojisikia: nilimhurumia sana. Macho yalikuwa yamemlowa. Yule aliyeniandika kwa kupumua alikuwa ananiomba pumzi, na kitu alichokuwa anakililia kilikuwa njiani kinamjia, kimebebwa mkononi. Alitakiwa tu asifanye lolote. Ningeweza kukaa kimya nimwache ajimalize, na darasa zima lingenipongeza. Lakini damu ni nzito kuliko maji, na lile beseni tulioga pamoja.

Nikafungua mdomo, nikamwambia kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo, "Kaa."

Akanitazama.

"Kaa tu," nikasema. "Nenda ukakae."

Uso wake ukafunguka wote. Akaruka hewani, akakimbilia ubaoni, na kwenye namba moja akaandika jina langu kwa mwandiko ule ule wa kuunganisha, akaongeza "anatoa amri," akaongeza X, akaongeza "amezidi." Kisha akaurudia ubao kwa macho, akaona namba mbili hadi arobaini hazina mtu, na njaa ikamrudia palepale. Darasa zima lilikuwa limenigeukia mimi. Macho ya Shangazi siwezi kuyaeleza. Nilikuwa nimewasaliti wenzangu na kumshauri adui, na hakuna upande ulionufaika.

Jina moja lilimtia Antena kichaa. Aliamini kwamba ukuta umepasuka na sasa ni kusukuma tu. Na alijua pa kusukuma. Akaja kusimama mbele ya Bonge.

Akaanza na mwalimu wa hisabati. Alijaza shavu hewa, akashika taya, akafundisha kujumlisha sehemu kwa jino bovu. Jamani, alikuwa ni mwalimu mtupu! Sijui alikuwa ameficha wapi kipaji hicho mwaka mzima. Nikalishika goti la Bonge. Bonge alikuwa ameshaula mkono wa sweta hadi kiwiko.

Akahamia kwa mpishi, anavyoonja mboga, anavyokataa kwamba ameonja. Nyuma watu wawili wakalala juu ya madawati, mabega yakitikisika bila sauti. Hakuna aliyetoa hata mluzi. Antena akapanda kwenye kiti. Akawika. Akabweka. Akachukua ndoo ya takataka akaipiga kama ngoma, mara ya kwanza polepole, halafu kwa mikono miwili. Kelele alizopiga zilifika hadi madarasa ya wadogo, na kila alipotulia kusikiliza kama kuna jibu, alipokelewa na ukimya wetu.

Ndipo akapanda juu ya meza ya mwalimu.

Akashusha miwani ya kufikirika hadi ncha ya pua. Akakumbatia dasta kifuani badala ya mkoba. Akaanza kutembea juu ya meza kwa hatua fupi fupi za miguu iliyovimba, mgongo ukielekea mlangoni, akisema kwa sauti laini, "Nitapita mwenyewe. Nitapita mwenyewe nione."

Na Mwalimu Mkuu akapita mwenyewe. Aliingia mlangoni bila kishindo, beji katika mkono mmoja na pini katika mkono wa pili, akasimama.

Sisi sote tulimwona. Masikio yale, yanayosikia kifutio kikisukumwa kwa mguu, hayakusikia kitu. Tulinyamaza sasa si kwa mpango wa mtu, tulinyamaza kwa hofu, na Antena akadhani ni ukaidi uleule. Akaongeza bidii. Akamwigiza Mwalimu Mkuu akikaa. Akamwigiza Mwalimu Mkuu akivua viatu chini ya meza, akikuna kisigino, akitazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Bonge akafa. Ulitoka kwanza mluzi, halafu mkono wa sweta ukachomoka mdomoni, halafu kicheko cha siku nne kikatoka chote pamoja.

"Nimekupata!" Antena akapiga kelele, akageuka kuirukia chaki.

Wakatazamana. Yeye juu ya meza, dasta kifuani, mguu mmoja umevuliwa kiatu. Mwalimu Mkuu chini, kichwa chake kikiwa usawa wa magoti ya Antena, beji mkononi.

Hakumfokea. Ingekuwa nafuu kama angemfokea. Alimwomba ashuke, akamsubiri avae kiatu, kisha akautazama ubao kwa muda mrefu, zile namba arobaini na lile jina moja.

Akauliza huyu wa kwanza alipiga kelele gani.

Antena ana mabaya mengi lakini hasemi uongo kuhusu orodha. "Alisema nikae, Mwalimu."

"Akasema nini kingine?"

"Kwamba nikae tu."

Mwalimu Mkuu akanigeukia, akanitazama kidogo, nikatazama swali la kwanza ambalo sikuwa nimelianza. Kisha akafungua kiganja ili Antena aione beji vizuri. Akamwambia amepita madarasa yote asubuhi hiyo. Darasa la jirani kiranja alikuwa amelala, na darasa lilikuwa linajisomea taratibu ili lisimwamshe. Akasema hilo alilipenda, akaliweka la pili. Kisha akafika kwetu, akasimama dirishani dakika nzima, na katika miaka yake yote ya kazi hajaona darasa kama lile. Alikwenda ofisini kuifuata beji. Pini ilimchelewesha, ilikuwa imeanguka nyuma ya droo.

"Nilikuwa nakuletea wewe," akasema.

Antena akaitazama beji. Mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani, upande wa kushoto, ukashika sweta pale penye kitambaa kigumu. Hakuna aliyecheka. Hata Bonge.

"Ningefanya nini, Mwalimu?" akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

"Ungekaa, mwanangu. Ungekaa tu."

Akaitia beji mfukoni mwake. Akamwambia amalizie orodha, maana hapendi kazi iliyoachwa njiani. Kulikuwa na kelele zilizosikika hadi ofisini na ubaoni hazipo. Antena akachukua chaki. Kwenye namba mbili akaandika jina lake, majina yote matatu kama yalivyo kwenye daftari la mahudhurio, kwa mwandiko mzuri wa kulalia upande. Akaweka X. Akafikiri, akaongeza ya pili. Halafu, kwa sababu mkono umeshazoea, akaandika "amezidi," akapiga mstari kwa rula.

Mwalimu Mkuu akasoma, akaridhika, akatoka kuelekea darasa la jirani. Tulimsikiliza aende na hatukusikia kitu. Kisha Shangazi, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akafungua mdomo, na darasa zima likafunguka pamoja naye. Watu walikuwa wanasimama juu ya viti, wanaigiza mpishi, wanampiga Bonge mgongoni, wanauliza nani alisikia na nani aliona, wote kwa wakati mmoja. Nadhani hata jino la mwalimu wa hisabati lilisikia huko lilikokuwa.

Antena alisimama ubaoni, chaki mkononi. Mbele yake kulikuwa na namba thelathini na nane tupu, na nyuma yake majina ya kuzijaza zote na mengine yakabaki. Akanitafuta kwa macho katikati ya kelele zile. Nikasogea pembeni kidogo, nikamwachia nafasi kwenye dawati letu.

Akaja akakaa.